Beseni la Papa

Kila Jumamosi jioni, nikitoka shifti ya ghalani Plymouth, namwosha Papa miguu. Nyumbani kwetu Hopkins, huku ughaibuni, hiyo ni kazi ya kifungua mimba, na kifungua mimba ni mimi, Joyeuse.

Papa yangu, Sosthène, anaugua ugonjwa unaoua neva zinazoamrisha misuli. Mikono ilianza kuangusha vikombe. Kisha miguu ikakataa ngazi. Tuliambiwa ugonjwa huu hula nguvu, lakini kuhisi hubaki. Mimi nikaishika sentensi hiyo kama cheti.

Siku moja wageni wa kanisa walijaa sebuleni. Papa akasema, "Nyayo zinaniwaka kama nimekanyaga pilipili."

Mdomo wangu haujui kupumzika. "Papa, wewe unaugua nguvu, si pilipili! Unaigiza upate chai ya pili?"

Wageni wakacheka. Papa naye akacheka. Hakuzitaja tena nyayo zake. Nikadhani zimepona.

Februari ikaja na baridi ya kugandisha mate. Nikajaza beseni maji ya moto na chumvi, nimkande kama bibi alivyotukanda kule Uvira. Mikononi nilivaa glavu za kuoshea vyombo.

"Maji sawa, Papa?"

"Sawa."

Asubuhi miguu ilikuwa na malengelenge makubwa mawili. Nikakimbia ghorofa ya chini kumwita jirani yetu Kemunto, nesi Mkenya.

"Woi! Baba Joyeuse, hukusikia moto?"

"Nilisikia vuguvugu tu. Lakini zikiwa kavu, nyayo zinawaka."

"Mbona hukusema?"

Papa alitazama beseni. "Nilisema. Watu wakacheka."

Uso ulinichoma kuliko maji yale. Glavu zilizonificha moto wa maji zilikuwa bado zinaning'inia kwenye sinki. Sikuweza kuzitazama.

Kemunto alifunika malengelenge kwa bendeji safi. "Joyeuse, kwenye ngozi kuna nyuzi za neva nyembamba sana. Ndizo zinaleta habari za moto, baridi na maumivu. Kwa wagonjwa wengine wa ugonjwa huu, nazo hupungua. Mtu anaweza kuwaka bila moto, na akaungua bila kujua."

"Kwa hiyo hakuigiza?"

"Haki, nani aigize malengelenge? Leo apelekwe kliniki. Na aseme yote."

Kule kliniki, daktari alipomuuliza, Papa alinitazama mimi kwanza. Nikasema, "Papa, sema. Nisamehe." Akasema yote. Baadaye walichukua kipande cha ngozi mguuni, kidogo kama punje ya mchele, wakakipima. Nyuzi zilikuwa zimepungua kweli. Alipewa dawa ya kupunguza kuwaka. Ugonjwa wenyewe haukuondoka, lakini sasa analala.

Jumapili moja niliwaambia wageni walewale, nimesimama, kwamba nilikosea. Hakuna aliyecheka.

Siku hizi kila jioni nakagua nyayo zake. Maji ni ya vuguvugu, na glavu sivai.

"Umepima?" Papa huuliza.

"Nimepima."

"Kwa kiwiko?"

"Kwa kiwiko, Papa."

"Usije ukawa unaigiza."