Fundi Viatu Aliyejiandika Marehemu

Fundi viatu alikuwa na kibanda kando ya barabara, mbele ya duka la saruji. Kila siku alishona kandambili, alibandika soli na kupiga rangi viatu vya watu wa ofisini. Binti yake wa miaka kumi na mitatu alimpitia hapo akitoka shule. Watu walimwita Chiriku. Asipoongea anaimba, na asipoimba anapuliza tarumbeta kuukuu ya shule. Tarumbeta hiyo moja iligombaniwa na watoto ishirini, na mwalimu wa kuwafundisha hawakuwa naye.

Siku moja Chiriku alileta fomu. Zamani palikuwa na mwalimu wa tarumbeta aliyependwa sana mtaani. Alipofariki, mjane wake na wanafunzi wake walianzisha mfuko wa kumkumbuka. Mfuko huo uliwalipia watoto mafunzo ya muziki na kuwaazima vyombo.

Fundi alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni. Hakutaka kusaidiwa. Alijaza fomu mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine, ulimi umebanwa kati ya meno. Akafika kwenye swali: Baba yuko hai? Hapo kalamu ikasita. Mteja mmoja alikuwa amemwambia kwamba mifuko ya namna hiyo ni ya mayatima tu. Akafikiri kidogo, kisha akaandika: Marehemu. Mahali pa sahihi akaandika kwamba yeye ni mjomba.

Wiki mbili baadaye, Chiriku alifika kibandani akiwa kimya. Haikuwa kawaida yake.

"Watu wa mfuko walimwuliza mwalimu mkuu habari zangu, naye amenipa pole ya msiba," alisema.

"Msiba wa nani, mwanangu?"

"Wako, baba."

Fundi aliweka nyundo chini.

"Sikujua nimjibu nini," Chiriku aliendelea. "Nikisema ni uongo, nakuaibisha. Nikisema ni kweli, nakuzika."

Siku hiyo fundi hakushona kiatu kingine. Mkewe alipoambiwa, alicheka kwanza. Akamuuliza kama aanze kukaa eda huku akimpikia marehemu. Kisha kicheko kikamwisha, akamwambia aende kwa Bi Karani.

Bi Karani alikuwa jirani yao. Alikuwa amepokea fomu za watu ofisini kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alimsikiliza mpaka mwisho, hakumgombeza. Alimweleza kwamba mfuko ule hautafuti yatima. Unatafuta mtoto mwenye bidii ambaye wazazi wake hawamudu gharama za mafunzo. Fundi viatu aliye hai, mwenye kipato kidogo, anastahili kuomba kama alivyo.

"Sasa nimeshaharibu," fundi alisema.

"Umeharibu, lakini kosa hurekebishwa mapema. Usingoje kukamatwa. Andika barua, sema ukweli, ipeleke mwenyewe. Na usimpe mtu chochote akusaidie. Fomu ni bure, na kuirekebisha ni bure."

Kesho yake fundi alivaa shati safi akaenda. Ofisi ya mfuko ilikuwa chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa mikutano, chenye meza moja na kabati la vyombo vya muziki. Mjane wa yule mwalimu ndiye aliyempokea. Alisoma barua polepole. Fundi alitazama sakafu.

"Mimi wangu nimemzika kweli," mjane alisema. "Ningekuwa na uwezo wa kulifuta neno hili, ningelifuta hata kwa ulimi. Wewe unao. Futa."

Akamsogezea fomu na kalamu. Fundi akalikata neno lile. Juu yake akaandika: Yuko hai. Ni fundi viatu.

Mjane alimshukuru kwa kuja, lakini hakumficha kitu. Kamati ilikuwa imeshachagua watoto wa awamu ile, na fomu ya Chiriku ilikuwa imewekwa kando kwa sababu maelezo yake yalipingana na ya shule. Ingebidi asubiri miezi minne, kisha ajaribiwe kama wenzake.

Fundi alirudi nyumbani akamwambia binti yake, "Nimekuchelewesha mwanangu. Nisamehe." Chiriku alilia kidogo. Halafu akanawa uso, akaenda shule kuomba zamu yake ya tarumbeta.

Baada ya miezi minne alijaribiwa, akapita. Wazazi wake wote wawili walitia sahihi ya kuazima tarumbeta. Kila Jumamosi alikwenda kujifunza. Majirani walilalamika mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu wakaanza kumtuma apige wimbo huu na ule.

Awamu iliyofuata ilipofunguliwa, mjane alimwomba fundi akae mlangoni pa ukumbi, awasaidie wazazi wasiozoea kalamu. Mama mmoja muuza mkaa alimwuliza kwa sauti ya chini aandike nini kuhusu mumewe, maana ana kazi, ila si ya kudumu.

"Andika hivyo hivyo, mama," fundi alimjibu. "Ana kazi, si ya kudumu. Inatosha."

Mama yule akaandika. Ndani ya ukumbi, Chiriku na wenzake walikuwa wameanza kupuliza.