Pete Inayogonga Meza

Ko! ko!

"Rudia," Mwalimu alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi wake.

Mumewe, fundi wa lifti, ndiyo kwanza alikuwa ameweka begi la spana chini. Hata viatu hajavua. Akavuta pumzi.

"I repaired quickly the lift."

Ko! ko! Pete ya ndoa ikagonga meza tena.

"Hiyo quickly umeipachika wapi? Nimekwambia mara ngapi? Kitenzi na kitu chake havitaki mtu katikati. I repaired the lift, umetengeneza lifti, halafu ndiyo useme quickly, haraka. Huyo haraka akae mwisho."

"Lakini umeelewa kwamba nimetengeneza lifti."

"Kuelewa nimeelewa. Haijakaa sawa."

"Basi nimechoka. Hiyo imekaa sawa?"

Mwalimu alifungua daftari jingine. Naye alikuwa amechoka, macho mekundu kama amekata vitunguu.

Mimi ni mama mkubwa wake Mwalimu. Nalala chumba cha pili, na kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba, nikipiga chafya wao ndio wananiombea afya. Kwa hiyo sihitaji redio. Nimeishia darasa la saba, lakini kwa ukuta ule nimesomeshwa Kiingereza bila ada. Sisi kwenye Kiswahili ukisema "nimetengeneza haraka lifti" au "nimetengeneza lifti haraka", lifti inapanda tu. Wenzetu hapana. Kwao haraka, polepole na sana wakijiingiza kati ya kitenzi na kitu chake, wanafukuzwa kama mgeni aliyejilaza kitandani kwa maharusi.

Fundi alikuwa anajiandaa na usaili. Kampuni moja ya mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, ilitaka msimamizi wa mafundi, na maswali yangeulizwa kwa Kiingereza. Mwalimu alijua mumewe akifaulu watahama wote. Alishaanza kuulizia shule za huko.

Fundi aliniambia mengine, siku moja tukimenya viazi jikoni.

"Mama, nikiipata ile kazi nitatangulia peke yangu."

"Utatangulia, au utaondoka?"

Alikimenya kile kiazi mpaka kikabaki kama karanga.

Baada ya hapo akaacha kuongea nyumbani. Akirudi anasema "salama", basi. Neno moja halina pa kukosewa. Kisha anachukua simu, anakwenda kukaa kwenye ngazi za nje, na huko, jamani, anacheka! Kicheko kile nilikisahau. Mwalimu alikuwa anakisikiliza huku kalamu nyekundu imesimama hewani.

"Mama mkubwa, unamsikia?"

"Masikio yangu yamezeeka."

"Yamezeeka wapi, wewe unayesikia mpaka panya akijikuna!"

Jioni moja Fundi alikuwa anaoga, simu yake iko kwenye chaji mezani. Ikalia mlio wa ujumbe. Mwalimu akausoma kwa sauti, nami nikajikuta nimeshaingia sebuleni, miguu ilinileta yenyewe.

"Kesho mchana usikose. Leo umenichekesha mpaka mbavu zinauma. Mimi Dada wa Ghorofa ya Sita."

Fundi akatoka na taulo begani.

"Nani huyu?" Mwalimu akauliza.

"Mtu wa kazini."

"Watu wa kazini wote wanaumwa mbavu?"

"Mwalimu, sina nguvu za kugombana."

"Hata mimi sina. Nimefundisha vipindi tangu asubuhi, miguu inawaka moto. Mpigie. Weka spika. Tumalize tukalale."

"Mbele ya mama?"

"Mimi sipo," nikasema, nikavuta kiti.

Akapiga. Simu haikukawia kupokelewa. Sauti ya mwanamke, changamfu kama kengele ya kutoka shule:

"Hello, brother! Today I washed slowly the windows!"

Slowly hiyo, polepole, imejipachika katikati! Kabla hata wivu haujafika, mkono wa Mwalimu ulikuwa umeshanyanyuka wenyewe.

Ko! ko!

"Ee, Fundi," yule mwanamke akasema, "nani anabisha hodi huko?"

Nilitaka kucheka. Halafu nikamwona Fundi. Mwanaume mzima, anayeingia kwenye shimo la lifti kichwa chini, alikuwa ameingiza shingo mabegani kama kobe aliyeguswa na fimbo. Na kosa halikuwa hata lake. Mwalimu naye alimwona. Akauangalia mkono wake pale mezani kama umeletwa na mtu mwingine.

"Mimi ni mke wake," akasema taratibu.

"Alaa! Shikamoo, Mwalimu! Ndiye wewe wa pete? Samahani, namaanisha, sisi ndio tunaosafisha madirisha ghorofa ya sita. Tunajifunza Kiingereza na Fundi saa ya chakula, mimi na mume wangu, huyu hapa anakusalimia. Mwalimu hatuna. Kila mtu anakosea, tunacheka, tunarudi kazini."

"Marahaba," Mwalimu akasema. "Msalimie na yeye."

Simu ikakatwa. Maji ya bafuni yalikuwa bado yanadondoka.

"Mtu mwenyewe Kiingereza chake kibovu kuliko chako," Mwalimu akasema.

"Kibovu sana."

"Na mimi niko hapa, nimesomea. Unaniacha unamfuata yeye?"

"Yeye nikimwambia nimetengeneza lifti, ananiuliza nani alikuwa amenasa ndani."

"Nani alikuwa amenasa?"

Fundi akajifuta uso kwa taulo.

"Siku ile ya quickly, alikuwa mama mmoja na mtoto mchanga. Mtoto analia, mama analia. Nilikuwa naimba kwenye upenyo wa mlango huku nafungua nati. Nilipowatoa, yule mama alinishika mikono hakutaka kuiachia. Nikaja mbio nikusimulie. Nikaanza kwa Kiingereza ili ufurahi."

Mwalimu akakaa. Alikaa kama gunia linavyokaa.

"Siku nzima nasahihisha," akasema. "Watoto wamejaa mpaka dirishani. Nikifika nyumbani, huu mkono haujui kama umefika."

"Najua. Ndiyo maana sikugombana nawe."

"Uliamua nini basi?"

Hapo nikaangalia dari. Fundi akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Nikipata ile kazi, niende peke yangu."

"Kwa muda?"

"Sikuweka muda."

Niliwahi kusikia watu wakipiga kelele katika ndoa, na za kwangu mimi zilisikika mtaa wa pili. Kimya kile kilinitisha kuliko kelele. Mwalimu hakulia. Alishika pete yake, akaanza kuizungusha. Imekaza, vidole vimevimba kwa kuandika. Akailamba, akaivuta.

Fundi akaruka, taulo likaanguka.

"Unaivua? Mwalimu! Unaivua kweli?"

Jamani sauti ile! Mtu aliyetaka kuondoka mwenyewe.

"Si unakwenda?"

"Nilisema... mimi nilisema nikipata... Irudishe, tafadhali."

"Tulia wewe. Naihamisha." Akaitia kidole cha mkono wa kushoto, akaisukuma mpaka ikakaa. "Mkono wa kulia ndio wenye kugonga. Huu wa kushoto haujasomea kitu."

Fundi alipiga magoti pale chini, sijui anaokota taulo, sijui anaomba. Akamshika ule mkono wa kushoto.

"Usinisahihishe mimi," akasema. "Nisahihishe Kiingereza, nikikuomba. Siyo mimi."

"Nitajisahau."

"Ukijisahau nitakukumbusha."

"Na huko mbali?"

"Nikipata, tutafungasha wote. Nikikosa, tutakosa wote."

"Umechoka?"

"Sana."

"Na mimi. Simulia tena. Ulimwimbia nini yule mtoto?"

Nikaona sasa kweli sipo. Nikarudi chumbani kwangu, nikajilaza, sikio kwenye mbao kwa sababu mto wangu uko upande huo. Walizungumza kwa sauti ndogo, chai ikamiminwa, kiti kikasogezwa karibu na kiti. Kisha nikamsikia Fundi anakohoa, anajiandaa, kama mtu aliyeitwa ubaoni.

"My wife," akasema. "I love very much you."

Kijiko kikaacha kukoroga.

Nikabana pumzi. Namjua Mwalimu, mwanangu yule, nikajua anavyoteseka. Very much, hiyo sana, imekaa pale katikati, imekunja nne, imemtenganisha mtu na mkewe! Lakini meza haikulia. Nikasikia tu Mwalimu anavuta kamasi.

"Nimekusikia," akasema. "Sema tena."

"I love very much you."

Sasa, mimi sikuahidi mtu kitu. Na kidole changu kina pete ya shaba tangu ujana. Nikaunyanyua mkono, nikagonga ukuta.

Ko! ko!

"Mama mkubwa!" wakapiga kelele wote wawili.

Nikakoroma upesi. Nao huko wakaanza kucheka, kicheko cha watu waliochoka, kisicho na nguvu na kisichotaka kuisha, mpaka ukuta wenyewe ukawa unatikisika sikioni mwangu.