Kitufe Kilichoitwa Pambo

Mtaani kwetu hakuna anayenishinda kwa kompyuta. Nimekaa nazo miaka tisa, asubuhi na jioni, nikizipangusa vumbi. Kuziwasha sijui. Lakini mapenzi hayana swichi, kwa hiyo tulieni niwasimulie ya mchuaji na fundi friji, ambaye friji alizijua kwa kunywea maji baridi tu.

Walikutana ofisi ya leseni, siku ambayo foleni ilitoka mlangoni ikajipinda kama utumbo. Mchuaji alikuwa amefika dirishani, blauzi ya manjano, sketi imepigwa pasi mpaka inakata, fimbo nyeupe mkononi. Macho yake hayakuona tangu utotoni, lakini vidole vyake vilijua migongo ya nusu ya mji. Leseni ya chumba chake cha kuchua ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi. Bila mpya, mlango ufungwe.

"Dada, siku hizi maombi yote mtandaoni," karani alisema bila kuinua kichwa.

"Huko ndiko nilikotoka. Simu yangu hunisomea kila kitu. Nimejaza jina, nimejaza anwani, kufika mwisho imenyamaza kama maji ya mtungini. Kitufe cha kutuma hakipo."

"Kipo. Kikubwa, cha kijani."

"Kijani ndiyo nini?"

Foleni ikacheka. Karani akanuna. "Tafuta mtu akubonyezee."

"Nimpe mtu siri zangu ili anibonyezee? Sheria inasema tovuti ya ofisi ya umma itumiwe na kila mtu, asiyeona akiwemo. Aliyeitengeneza hii nikimpata, nitamchua mpaka aombe maji!"

Nyuma yake kijana wa shati la bluu, aliyekuja kuonana na mkuu wa ofisi, alirudi hatua moja. Ndiye aliyeitengeneza.

"Dada, nikusaidie?"

"Nani kakuita?"

"Nimejiita."

"Basi jijibu, kisha ujirudishe ulikotoka."

Akacheka, na kicheko kile kikamwingia mchuaji mahali pabaya. "Unafanya kazi gani wewe, mcheka hovyo?"

"Mimi? Fundi friji."

Uongo ulimtoka kabla hajafikiri, nao ukishatoka nyumbani haurudi kulala.

Mchuaji akapeleka malalamiko kwenye tume ya haki za watu wenye ulemavu. Siku ile waliachana wamepeana namba, na wakati majibu yanasubiriwa, simu zikaanza.

"Umekula, pambo langu?"

"Pambo ni la ukutani. Mimi nina kazi. Friji ngapi leo?"

"Mbili. Moja imegoma kugandisha."

"Ya kwako ndiyo imegandisha kichwa."

"Unanipenda?"

"Nakuvumilia."

Kila jioni kijana alijiapiza atamwambia ukweli. Kila jioni akaishia kumwambia habari za gesi ya friji.

Siku mbili kabla ya leseni kwisha, tume ikaita kikao. Chumba kidogo, feni inalia, mchuaji kakaa na fimbo yake magotini, mkuu wa ofisi anajifuta jasho, afisa wa tume ana miwani kwenye ncha ya pua. Fundi wa tovuti akaitwa ajieleze.

"Kitufe kile ni picha," alisema kwa sauti nzito ya kuazima. "Sheria inataka kila picha iandikiwe maneno ambayo simu itayasoma. Isipokuwa pambo. Pambo simu huliruka. Nilikuwa na haraka, picha zote nikaziandikisha kuwa mapambo."

"Huyu mbona anaongea kama kameza soksi?" Mchuaji akageuza shingo polepole. "Rudia neno la mwisho."

Kijana akakohoa.

"Usikohoe. Rudia."

"Pambo," akasema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe.

"Loo! Kumbe friji siku hizi zina kurasa! Kitufe cha kazi ukakiita pambo, na mimi ukaniita pambo. Ndivyo unavyoviita vyote unavyotaka kuviruka?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Hukunipoteza. Umenitupa kwa mikono yako, na kuona unaona!"

Afisa akagonga meza. Leseni ya zamani iendelee. Kitufe kirekebishwe ndani ya siku kumi. Na faili halifungwi mpaka mlalamikaji mwenyewe akijaribu.

Siku ya tisa kijana alisimama mlangoni pa chumba cha kuchua, shati lilelile la bluu, sasa limekunjamana kama uso wa mdaiwa. Ndani, muuza vitambaa mmoja mnene alikuwa amelala kifudifudi anakandwa.

"Nimekuja kwa amri ya tume."

"Amri iingie, wewe baki hapo."

"Mwanangu," muuza vitambaa aliguna, "mgomvi wako yule pale. Mgongo huu ni wangu."

Mchuaji akafuta mikono nusunusu, akachukua simu. Akajaza jina. Akajaza anwani. Akateremka mpaka mwisho, pale palipokuwa kimya kama kaburi.

"Kitufe. Tuma maombi," simu ikasema.

Akabonyeza.

"Maombi yamepokelewa."

Mchuaji akainua kidevu. "Haya, kazi imeisha. Nenda."

"Siku tisa sijapata usingizi. Hukunikumbuka hata mara moja?"

"Nikukumbuke kwa lipi? Hata namba yako niliifuta siku ileile."

Akaufunga ukurasa kwa kidole kilichojaa mafuta. Kidole kikateleza, simu ikafungua ilichokikuta, ikasoma kwa sauti yake ileile isiyojua aibu:

"Ujumbe haujatumwa. Kwa: Mwongo Wangu. Njoo basi, mjinga wewe, mbona unakawia?"

Muuza vitambaa akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Mwanangu, namba si uliifuta?"