Tik! Kitufe Chekundu cha Mzee Tuku

Namkunda alikuwa dereva.
Abiria wake walikuwa kuku.

Alikaa juu ya pikipiki ya Baba, uani kwao Usangi, kule milimani kwenye baridi. Miguu yake ilining'inia tu. Haikufika chini.

Kichwani alivaa helmeti ya Baba. Aliivaa nyuma mbele. Hakuona kitu!

"Bruuum! Abiria, shikeni vizuri! Kona hiyooo!"

Akakunja kulia. Akakunja kushoto. Kidole gumba chake kikasukuma kitufe chekundu.

Tik.

"Stendi! Stendi! Nani anashuka?"

"Wewe," ilisema sauti. "Wewe ndiye unayeshuka."

Lo! Alikuwa Bibi. Na nyuma ya Bibi alikuwepo Baba, anacheka mpaka kwikwi.

Namkunda akavuta helmeti. Haitoki. Akavuta tena. Masikio yakauma. Pwaa! Ikatoka, na kuku wote wakakimbia.

"Si tulikubaliana?" alisema Baba. "Mzee Tuku haguswi kama mimi sipo. Umegusa kitu?"

"Hapana," alisema Namkunda.

Neno lilitoka lenyewe, haraka haraka.

Uso wake ukawa wa moto.
Akaangalia vidole vyake vya miguu.

Sasa, huyo Mzee Tuku ndiye nani? Ndiye hiyo hiyo pikipiki. Mzee kweli kweli! Kiti chake kina kiraka. Taa yake imefungwa kwa mpira. Lakini kila asubuhi humpeleka Namkunda shuleni, akiimba njia nzima:

Tuku-tuku-tuku-tuku!

Na leo alikuwa na kazi kubwa. Leo Mama anarudi kutoka Moshi. Basi litamshusha stendi, na Baba atakwenda kumchukua.

Baba akavaa shati safi. Akapanda. Akapiga kiki.

Kwe-kwe-kwe... puu.
Kimya.

Akapiga tena.

Kwe-kwe-kwe... puu.
Kimya.

Tumboni mwa Namkunda kitu kikasema: tik.

"Msiwe na wasiwasi," alisema Baba. "Mimi nimewasha pikipiki Makete kwenye baridi ya kugandisha mate. Nimewasha Dodoma kwenye vumbi. Siku moja niliwasha hata pikipiki isiyo yangu! Mwenyewe amesimama nyuma yangu, ananitazama."

"Basi washa na ya kwako," alisema Bibi.

Baba akatikisa tangi. Chubwi-chubwi. "Mafuta yamo."

Akabonyeza honi. Piiip! "Betri nzima."

Akafungua plagi, kile kidude kidogo kinachowasha moto ndani ya injini. Akaifuta kwa shati lake.

"Hilo ndilo shati la kumpokelea mkeo?" aliuliza Bibi.

"Lilikuwa," alisema Baba.

Akaigusisha plagi kwenye chuma cha injini. Akapiga kiki kwa mkono. "Namkunda, tazama hapa. Plagi nzima hutoa cheche. Kama kijinyota."

Namkunda akatazama. Akatazama sana.

Hakuna kijinyota.

Tumboni mwake: tik.

"Labda niseme," aliwaza Namkunda. Lakini Baba atasema, "Si ulisema hapana?" Na Bibi atamtazama kwa yale macho yake. Na kuku watasikia!

Uso wake ukawa wa moto.
Akaangalia vidole vyake vya miguu.

Baba akairudisha plagi. Akapiga kiki mpaka jasho likamtoka puani.

Kwe-kwe-kwe... puu.
Kimya.

Baba akakaa chini. Safari hii hakutania.

"Plagi ni mpya, kwa hiyo koili ndiyo imekufa," alisema polepole. "Hiyo ndiyo huipelekea plagi umeme. Na koili ya mzee huyu haiuzwi tena popote. Nimeshaitafuta."

"Basi amefika mwisho," alisema Bibi.

Na kweli, chini barabarani, mtu alikuwa anaita:

"Chuma chakavuuu! Masufuria mabovuuu! Leteni chuma chakavuuu!"

Alikuwa Sengasu, mnunuzi wa vyuma vibovu. Akapandisha mkokoteni wake, kwii, kwii, kwii, mpaka uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo huu hapa."

Sengasu akamzunguka Mzee Tuku. Akatoa kamba.

"Kaka, nimchukue?"

Baba akapapasa kile kiti chenye kiraka. Akageuka upande. "Mchukue. Mimi nishuke kwa miguu, mke wangu ananisubiri."

Sengasu akafunga kamba kwenye usukani. Akafunga na gurudumu. Akavuta.

Tik, lilisema tumbo la Namkunda. Tik! Tik! TIK!

"Tik!" alisema Namkunda.

Wote wakageuka.

"Nini?" aliuliza Baba.

"Kilisema tik."

"Nani alisema?"

"Kitufe," alisema Namkunda, kwa sauti ndogo kama ya kifaranga. "Kile chekundu. Mimi ndiye niliyekisukuma. Nilisema hapana, Baba. Lakini ilikuwa ndiyo."

Bibi akamtazama kwa yale macho yake.
Hata kuku wakamtazama.

Uso wa Namkunda ulikuwa wa moto, moto, moto! Machozi mawili yakadondoka juu ya vidole vyake vya miguu.

Baba akakitazama kitufe chekundu. Ni kitufe cha kuzimia injini. Kikiwa kimezimwa, piga kiki mpaka kesho, hakuna cheche.

Kilikuwa kimezimwa.

"Mbazi," Bibi alimwita Baba kwa jina lake. "Hukukitazama hicho?"

"Sikukitazama, Mama."

"Makete umefika?"

"Nimefika."

"Na Dodoma?"

"Na Dodoma."

"Na kitufe kiko hapo, mbele ya pua yako."

Uso wa Baba ukawa wa moto.
Naye akaangalia vidole vyake vya miguu.

Vidole vikubwa. Vidole vidogo. Vyote vikatazamwa.

Kisha Baba akachuchumaa mbele ya Namkunda. "Ile hapana yako imeniumiza mguu, unajua?"

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Nilikaribia kumtoa rafiki yetu. Ndiyo yako imemwokoa. Haya, njoo. Sasa mimi nipo. Kirudishe mwenyewe."

Namkunda akanyoosha kidole gumba.

Tik.

Baba akapiga kiki.

Kwe-kwe-kwe... tuku! Tuku-tuku! Tuku-tuku-tuku-tuku!

Moshi ukatoka. Kuku wakakimbia tena. Namkunda akaruka, akarukaruka!

"Na mimi je?" aliuliza Sengasu, kamba yake mkononi. "Nimepandisha mlima wote huu!"

Bibi akaingia jikoni. Akatoka na sufuria lililotoboka na birika lisilo na mdomo. Sengasu akacheka, akafungua kamba, akashuka zake. Kwii, kwii, kwii.

Na Mama? Mama alikuwa stendi, amekaa juu ya begi. Mara akasikia kwa mbali: tuku-tuku-tuku. Akasimama, akapunga mkono.

Usiku ukaingia na baridi yake. Mzee Tuku akafunikwa turubai. Namkunda akafunikwa blanketi. Mama akakaa kitandani upande huu, Baba upande ule.

"Haya, niambieni," alisema Mama. "Mbona mlichelewa hivyo? Begi langu limekuwa chapati!"

Baba akamtazama Namkunda. Namkunda akamtazama Baba.

"Kulikuwa na koili..." alianza Baba.

"Kulikuwa na kuku..." alianza Namkunda.

Nyuso zao zikawa za moto. Baba akaangalia vidole vyake vya miguu. Namkunda akavitafuta vyake chini ya blanketi.

"Koili? Kuku?" alisema Mama. "Ni nini hasa?"

Bibi akachungulia mlangoni, taa mkononi.

"Kitufe," alisema. "Mmoja alikigusa, mwingine hakukitazama. Laleni!"