Bei ya Chungu cha Mama Lusungu

Mume wangu Evodius ndiye mkuu wa makumbusho hapa Kyela. Mkuu! Mtu anayeruka juu ya kiti akiona panya jikoni. Tulihamishwa kutoka Bukoba ili aligeuze soko la zamani, lile lenye paa la matao, liwe makumbusho ya watalii. Akawaondoa wauzaji wote. Mama Lusungu, muuza vyungu wa Lyulilo, akagoma kutoka kwenye kizimba chake. Evodius akaita mgambo, wakambeba juujuu kama gunia la mpunga. Mwezi haukuisha, akafa. Chungu chake cha mwisho Evodius akakifungia kwenye kabati la kioo.

"Sasa ndiyo kimepata thamani," akaniambia, anacheka.

Nilishamdharau siku nyingi.

Jioni ya kuamkia uzinduzi akanipigia simu nimpelekee suti. Nilifika jua linazama. Mlinzi hayupo. Mlango uko wazi nusu. Na ndani... harufu ya usipa. Usipa mbichi, wakati humo samaki hawajaingia tangu masika.

Halafu nikasikia mtu anapatana bei.

"Punguza, bibi." Alikuwa Evodius, kwa ile sauti ya kubembeleza anayowatolea wakubwa zake. "Si nimekwambia chukua nyumba ya Bukoba?"

"Nyumba haina damu."

Sauti ya kikongwe. Ilikwaruza kama chungu kinachoburutwa sakafuni.

Nikachungulia. Evodius alikuwa amepiga magoti mbele ya kizimba cha Mama Lusungu. Miguu ya Evodius ilikuwa ya kijivu, imepasukapasuka, kama udongo uliokauka juani. Kizimbani hapakuwa na mtu. Kabati la kioo lilikuwa tupu. Chungu kilielea hewani, usawa wa mapaja ya mtu aliyeketi.

"Basi mke wangu," akasema. "Ana afya. Hana maneno mengi."

"Mlete nimwone."

Evodius akageuka, akaniona mlangoni. Hakuona hata aibu. Akatabasamu!

"Mama Jubilate," akanong'ona. "Njoo kidogo, mama. Njoo umsalimie bibi."

Nikatupa suti chini, nikakimbia. Nyuma yangu ile sauti ikashukuru, taratibu, kama ya mtu aliyekwishapokea mzigo wake.

"Ndaga fijo..."

Kesho yake Evodius alihutubia wageni, miguu mizima, viatu vinang'aa. Usiku nikamuuliza.

"Uliota," akajibu, mdomo umejaa wali.

Mwoga hata wa kudanganya vizuri.

Nimeshafungasha. Basi langu ni kesho alfajiri. Ila tangu siku ile, kila giza likianza kuingia, mtu anapiga hodi getini. Nikichungulia dirishani, barabara ni nyeupe, hakuna mtu.

Sasa hivi anapiga tena. Evodius hainui hata macho kwenye sahani.

"Kafungue," ananiambia. "Mgeni wako huyo."