Kona Aliyoiangalia Isaiah

Soko la Bomet siku ya mvua ni mahali pa gambuti, lakini Isaiah Kipngetich alikuja na suruali nyeupe. Alivaa pia miwani ya jua, ingawa jua lenyewe lilionekana mara ya mwisho Jumapili, na nywele za utosini alikuwa amezitia rangi ya dhahabu. Siku za kazi alipima majani chai kwenye kituo cha wakulima. Jumamosi alikuwa mshambuliaji wa Tai, timu ya mtaa, na kwa maoni yake mwenyewe hapakuwa na mchezaji kama yeye kutoka Mulot hadi Kericho.

Alisimama kwenye kibanda cha viatu vya mitumba, akachukua viatu vya mpira vya rangi ya waridi.

"Hiyo si saizi yako," mwenye kibanda alisema bila kuinua macho.

Alikuwa Tabby Wanjuhi, binti wa wafanyabiashara waliohamia Bomet kutoka Nyeri kabla hajazaliwa. Alikuwa na aproni juu ya suti ya michezo ya bluu, kitambaa chekundu kichwani, na plasta kwenye vidole vitatu, kwani alikuwa kipa wa timu ya wanawake.

"Nani amekuambia?"

"Hiyo mguu yako. Wewe ni tisa, hiyo ni saba."

"Itapanuka tu. Kwani unajua mpira, mrembo?"

"Najua miguu. Chukua ama uache, unanizibia wateja."

Akachukua saba. Jumamosi alitolewa kabla ya mapumziko, malengelenge kila kidole, na Jumatatu akarudi kibandani akichechemea, viatu vya waridi mkononi. Tabby alicheka mpaka akashika meza. Hapo ndipo mapenzi yalipoanza, na msiniulize mwanamke mwenye akili zake aliona nini.

Maandalizi ya Tai yalikuwa kichekesho. Kwa kuwa nchi hii ya chai imetoa wakimbiaji wakubwa, kila mwanamume huku anaamini alizaliwa akiwa amepasha misuli joto. Asubuhi ya mechi yenyewe walikimbia kilomita kumi na tano barabarani. Saa moja kabla ya filimbi walishindilia ugali na kibuyu kizima cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kisha dakika ya sitini wakashika magoti na kumlaumu refa. Maandalizi ya akili yalikuwa kuwatukana wapinzani mtandaoni.

Tabby akaamua kumnoa Isaiah mwenyewe. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi walikutana kwenye uwanja wa shule: mbio fupi fupi, kunyoosha misuli, kisha penalti. Isaiah alipiga kumi, Tabby akadaka nane.

"Bebi, unabahatisha."

"Sibahatishi. Kabla upige, unaangalia kona unataka kupiga. Kila saa."

"Wacha uongo."

"Piga ingine." Akadaka tena. "Chagua kona mapema, vuta pumzi, usiiangalie. Hiyo kichwa pia inataka mazoezi, si rangi tu."

Isaiah alicheka, maana katika hayo yote alisikia ile ya rangi tu, akadhani ni sifa. Lakini alimpenda, na hilo halikuwa uongo. Siku mbili kabla ya Tai kucheza fainali ya kombe la kaunti, alimpigia simu.

"Tabby wangu, tukishinda nakuja kuongea na wazazi wako."

"Na mkishindwa?"

"Tai haishindwi, mpenzi."

"Mimi siolewi na kikombe, Isaiah. Nataka mtu anaambiwa kitu anasikia."

Fainali ilichezwa Siongiroi. Kipa wa wenyeji alikuwa Aron, aliyesomea ukipa pamoja na Tabby wiki mbili huko Kericho. Dakika ya themanini na nane, bila bao, Tai wakapewa penalti. Isaiah aliweka mpira, akatengeneza nywele, akaitazama kona ya kushoto. Alipopiga, Aron alikuwa ameshafika. Dakika mbili baadaye Siongiroi wakafunga.

Filimbi ilipolia, Isaiah alimwona Aron akisalimiana na Tabby kando ya uwanja, wakicheka. Hakwenda kuuliza. Alimpigia Tabby simu akiwa nyuma ya choo cha uwanja, shujaa wetu.

"Ulimwambia Aron."

"Nilimwambia nini?"

"Kona. Ni wewe peke yako ulijua. Nyinyi watu mnauza kila kitu."

Huku kwetu maneno hayo mawili, nyinyi watu, wakiambiwa watu wa kabila jingine, yamewahi kuwahamisha majirani, na Isaiah alilijua hilo alipokuwa akiyatamka.

"Nilizaliwa hapa, Isaiah," Tabby alisema polepole. "Usinipigie tena."

Wiki tatu hakupokea simu. Isaiah alikonda, jambo ambalo kilomita kumi na tano hazikuwahi kumfanyia. Halafu siku ya soko akakutana na Aron pale Mulot, akamuuliza ana kwa ana.

"Tabby?" Aron alishangaa. "Nilimuuliza, akakataa. Aliniambia nijitafutie. Si uliweka penalti zako zote Facebook? Kumi na moja, na muziki! Kila moja unaangalia kona."

Isaiah alifika kibandani bila miwani, kichwa kimenyolewa.

"Ni mimi nilijiuza," alisema. "Aron ameniambia. Lakini ile kitu nilikuita, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nisamehe."

Tabby aliendelea kupanga viatu mpaka safu ikaisha. Alikuwa ameumia, na alitaka Isaiah alione hilo. "Kesho asubuhi, uwanjani," akasema. "Simu iache nyumbani."

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Isaiah alipasha misuli dakika ishirini bila kuambiwa, akaweka mpira.

"Nikifunga, nikuje kwenu?"

"Piga kwanza."

Akavuta pumzi, akapiga. Tabby akaruka, akadaka. Isaiah akaketi kwenye matope.

"Basi," alisema. "Imeisha."

"Haikuingia," Tabby alikubali, akijipangusa. "Lakini hukuangalia kona. Ulikuwa unaangalia nini?"

"Wewe."

Jibu la kijinga, na wanaume wa Bomet hulitoa kila siku. Ila huyu alikuwa amelala mapema ili aje kulisema, na Tabby aliliona hilo. Akamrudishia mpira kwa mguu.

"Kuja Jumapili baada ya kanisa," alisema. "Baba hapendi mtu wa kuchelewa. Na uvae viatu saizi yako."