Paka Aliyepita Langoni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Vifaranga alikuta ndege watatu wamekufa, shingo zimetobolewa. Kando yao palikuwa na nyayo za paka. Miaka tisa amewalea ndege hawa wasiojua kuruka, ndani ya uzio mrefu wa wavu uliowazuia paka, panya na nguchiro. Nchi nzima walikuwa wamebaki arobaini na mmoja. Sasa thelathini na wanane, na muuaji yumo humo humo pamoja naye.

Akamwita fundi wa uzio kwa redio. Saa moja kasoro dakika tano mzee akajibu, anahema.

"Kuna tundu upande wa mto. Mlitaka kunistaafisha, eti uzio haujatoboka miaka mitatu. Haya, njoo ujionee."

Alijionea. Ncha za waya zilipinda kuelekea nje. Mchanga chini ya wavu, unaosawazishwa kila jioni ili mnyama akipita aonekane, ulikuwa na alama za viatu tu. Huyo paka alipaa? Hakuwa na hamu ya kucheka. Kama hakupita tunduni, basi alipita langoni, na aliyemleta ni mtu wao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Langoni palikuwa na chumba cha milango miwili. Mmoja haufunguki mpaka mwingine ufungwe. Kila anayeingia humwaga mzigo wake juu ya meza nyeupe. Bawabu alianza kabla hajaulizwa.

"Dada, watasema ni mimi."

"Ni wewe?"

"Haki ya Mungu siyo."

"Daktari wa ndege na kasha lake je?"

"Hulifungua mwenyewe kila mara. Sindano na pamba tu."

"Na begi la vifaa la fundi?"

Bawabu akainamisha kichwa.

"Yule ni baba mkwe wangu, dada. Nitamwambiaje mkwe amwage begi mbele yangu? Tangu nimuoe binti yake sijawahi kulifungua."

Saa tatu na nusu Mama Vifaranga alimkuta mzee akiziba tundu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Waya umekatwa kutoka ndani, asubuhi hii, baada ya mimi kukuita. Na viatu vilivyokanyaga mchangani ni vyako. Paka ulimpitisha kwenye begi."

Koleo likamdondoka mzee. Alikaa chini kabisa, kama mtu aliyechoka siku nyingi.

"Miezi mitatu sasa yumo humu, tangu mliponiandikia barua ya kustaafu. Nilitaka aonekane tu, mjue bado mnanihitaji. Halafu ningemnasa. Kila siku nategea, hanasi. Silali, mwanangu. Mimi kazi hii ndiyo mimi."

"Umeniulia watoto," alisema Mama Vifaranga, na machozi yakamtoka.

Wakati huo mtego ukafyatuka vichakani. Mzee aliinuka kabla yake, akakimbia, karibu acheke kwa nafuu. Walipofika, mnyama alikuwa anajirusha ndani ya kizimba cha chuma, mdogo, mwekundu, mdomo una damu.

Mzee alirudi nyuma hatua mbili.

"Siye huyu," alisema. "Wangu alikuwa wa kijivu, mkubwa."

"Wako alikuwa dume au jike?"

"Jike. Na tumbo lilikuwa zito." Upande wa viota, ndege walianza kupiga kelele wote kwa pamoja.